Kuku Aliyeatamia Sura ya Tisa

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi dogo la Ilongero mwishoni mwa Mei akiwa na mizigo mitatu: nusu gunia la mtama, dumu la mafuta ya alizeti, na tetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mtama ukaenda jikoni, dumu likaegemezwa ukutani, na tetea akafunguliwa uani azoeane na wenyeji. Uani hapakumtosha. Dirisha la stoo lina wavu uliotoboka kwenye kona, naye akaiona hiyo kona kabla hatujamaliza kuamkiana.

Stoo hiyo ndiyo chumba changu cha kazi. Mna meza ya kuandikia, mna cherehani ya miguu, mna magunia ya alizeti yanayosubiri bei, na chini ya meza mna kapu kubwa la vipande vya nguo. Tetea alichagua kapu. Alitaga humo akatoka, kesho yake akarudi akataga tena, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu alifanya kazi yake saa ambazo nyumba nzima iko sokoni, shuleni au kibaruani.

Naandika riwaya. Naandika kwa kalamu kwenye kaunta buku, na sura ikikomaa naipeleka steshenari ikachapwe. Nyumba yetu ya Mandewa ina watu wengi kuliko vyumba, na mchana hakuna pembe ambayo sentensi inaweza kukaa ikatulia. Kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni sakafu ya saruji saa hiyo inauma nyayo. Navaa soksi, sweta, na kitenge kizito kiunoni. Naandika hadi adhana, naswali, kisha naandika tena hadi nisikie mlango wa chumba cha watoto ukilia. Kuanzia hapo ni uji, ni sare za shule, ni kibarua kinachotulisha. Jioni mikono inashika sindano.

Toni Morrison alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu ya Random House huku akilea wavulana wawili. Alieleza baadaye kwamba alianza kuandika kabla ya mapambazuko kwa sababu ndio muda pekee ambao watoto walikuwa bado hawajaanza kumwita. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970. Namwamini kabisa. Saa hiyo haitolewi na mtu kwa hisani. Mtu anaikata kutoka kwenye usingizi wake mwenyewe, na akishaikata ni yake.

Blanketi lilianza pale majina ya kidato cha tano yalipotoka. Binti yetu wa kwanza alipangiwa shule ya bweni ya wasichana mkoani Njombe, kuripoti Julai. Kila aliyepita nyumbani alikuwa na neno moja kuhusu Njombe, nalo ni baridi. Mume wangu akasema atanunua blanketi zito mjini. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

“Blanketi la dukani halina mtu ndani yake,” akasema. “Mjukuu wangu hawezi kulala peke yake ugenini.”

Basi ikaamuliwa tushone blanketi la viraka. Juu viraka, katikati blanketi jembamba la marehemu baba mkwe, chini shuka zito, kisha yote matatu yapigwe bandi na kushonwa pamoja. Kila kiraka shibiri moja kwa shibiri moja, kwa kiolezo cha boksi nililokata mwenyewe. Ndani ya kapu tulikuwa na kanga za mama mkwe zilizochakaa katikati zikabaki nzima kwenye pindo, vitenge vya sare za harusi za mawifi, shati la kaki la mtoto wa pili, na kanzu nyeupe ya baba mkwe ambayo mama mkwe aliikata mwenyewe bila kutaka mtu amsaidie. Nilivipanga vipande kwa rangi, vya giza chini na vya mwanga juu, nikavifunika.

Halafu wakaja wageni wa kikoba. Wanawake wale hukutana kwa zamu, zamu ilikuwa yetu, na mikoba yao huwekwa stoo. Binti yangu aliisafisha meza. Mchana ule upepo wa Singida, huu ambao kwa miaka mingi watu wamekuwa wakizungumzia kuufungia mitambo ya umeme, ulikuwa unavuma kwenye lile dirisha lenye wavu uliotoboka. Karatasi zilikuwa zinapepea. Binti akafanya jambo la busara: akachukua kaunta buku langu pamoja na karatasi zote zilizochomekwa ndani, akazipenyeza kando ya kapu hadi chini kabisa, bila kufunua wala kuvuruga vipande vilivyopangwa juu.

Alfajiri iliyofuata meza ilikuwa tupu. Binti, akiwa nusu usingizini, akaniambia buku liko wapi. Nikainama na tochi ya simu, nikaingiza mkono kwenye kapu, nikadonolewa mpaka damu ikatoka. Tetea alikuwa amejitandaza juu ya kanzu ya baba mkwe, manyoya yamemsimama, sauti inatoka kooni. Alikuwa ameanza kuatamia. Chini yake mayai, chini ya mayai kanga, chini ya kanga sura ya tisa, ambayo steshenari walikuwa hawajaiona.

Nilikwenda kwa mama mkwe, ambaye tayari alikuwa macho.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeamka na njaa au na vitabu?”

Nikamweleza. Akaja stoo, akapiga magoti kwa shida, akamsemesha kuku kwa sauti ya chini, akapitisha mkono chini yake na kuku akamruhusu. Akahesabu kwa vidole: mayai kumi na moja. Kisha akatoa hukumu. Kuku anayeatamia haondolewi, hasukumwi, wala kapu lake halivutwi. Ukimsumbua ataacha, mayai yakipoa vifaranga wanafia ndani. Ni siku 21, na hapo hazijafika hata tatu.

“Mama, hiyo ni kazi yangu iliyo chini yake.”

“Najua. Kazi yako haiozi. Yai linaoza.”

Kuku kwa mama mkwe si kitoweo. Kuku wa kienyeji wa Singida hupakiwa kwenye matenga na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, na huko jina la mkoa wetu ni sifa tosha kwenye meza ya mnunuzi. Mume wangu alisoma kwa kuku. Mwaka ambao mdondo ulipita kijijini na kufagia mabanda, alikaa nyumbani muhula mzima. Tangu siku hizo mama mkwe hajawahi kukosa chanjo ya matone ya jicho, na kila miezi mitatu anawakamata kuku wake mmoja mmoja kabla ya jua kuchomoza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia habari za sura ya tisa ukategemea ataona uzito wake sawa na wa mayai kumi na moja.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa baiolojia, aliniambia faraghani kwamba kuku wa kuatamia huweza kuhamishwa akihamishwa gizani, taratibu, pamoja na mayai yake. Ni kweli, wafugaji wengi hufanya hivyo. Alitengeneza kiota kingine kwenye boksi, akatandika majani makavu, akasubiri mama yake alale. Usiku huo umeme haukuwepo, akaenda na chemli. Mimi nilishika boksi.

Kuku alitulia hadi mikono ilipomgusa. Kisha aliruka. Alipita juu ya bega la mume wangu, akagonga rafu, akaangusha Rosa Mistika ya Kezilahabi na Shida ya Ndyanao Balisidya, akatua juu ya cherehani, na kutoka cherehani akaipiga chemli bawa. Chemli ilizimika kwa rehema ya Mungu, lakini mafuta ya taa yalimwagikia safu mbili za viraka zilizokuwa tayari zimeunganishwa na kukunjwa mezani. Kwenye giza lile yai moja likabingirika, tukasikia linavyopasuka. Tuliganda. Baada ya muda mrefu kuku alishuka mwenyewe, akarudi kapuni, akajipanga upya kwa manung’uniko. Boksi la majani makavu likabaki mikononi mwangu.

Asubuhi mama mkwe alihesabu kumi. Hakusema na mtu mpaka saa ya chai. Kisha akamtazama mwanawe akasema, “Mwalimu, umekula yai bila chumvi,” na habari hiyo ikaishia hapo, ila safu mbili za viraka zilifuliwa na kuanikwa, zikafuliwa tena, na bado zilinuka taa.

Nilihamia jikoni. Jiko letu liko nje, la matofali ya kuchoma, lina kigoda na meza ndogo ya kukatia mboga. Nilianza kuiandika sura ya tisa upya kutoka kichwani kwenye daftari la mtoto. Hiyo ilikuwa pia saa ya mama mkwe. Kabla ya adhana huwasha moto, huweka maji, hukaa karibu na mkaa kupasha magoti yake. Miaka yote ya ndoa yangu, kila anapokuja kwetu, tumekuwa tukiamka saa ileile katika vyumba viwili tofauti bila kukutana. Alikuwa na sindano, subana na vile viraka ambavyo havikuwa chini ya kuku.

“Soma,” akasema.

Sijawahi kumsomea mtu sura mbichi. Lakini moto ulikuwa wake. Nikasoma. Katika riwaya hiyo mjane wa Mtinko anakaribia kunyang’anywa shamba la alizeti na ndugu za mumewe, na katika sura ya tisa anaondoka kijijini alfajiri kwenda mjini kutafuta haki. Mama mkwe alisikiliza bila kuinua macho kwenye mshono. Nilipomaliza aliuliza:

“Ana miaka mingapi?”

“Sitini na miwili.”

“Na umemtembeza kwa miguu mpaka mjini? Hayo magoti yake ni ya nani?”

Halafu akauliza kwa nini mjane amekimbilia mjini kabla ya kupita kwenye baraza la ardhi la kijiji. Alilijua baraza hilo. Alikuwa amewahi kukaa kwenye benchi lake kumsindikiza dada yake, na alijua nani huketi wapi, nani huongea kwa sauti, na namna mashemeji wanavyokuja wakiwa wamevaa makoti ili waonekane wazito. Mimi nilikuwa naijua sheria: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hayo nilikuwa nimeyaandika vizuri. Benchi, makoti, na jinsi mwanamke anavyoshika mkoba wake mapajani anapoambiwa ardhi ni ya ukoo, hayo alikuwa nayo yeye.

Kuanzia alfajiri ile tulifanya kazi pamoja. Nilisoma, alishona, alinikata kauli, niliandika. Wakati sentensi ilipogoma nilichukua sindano na kushona naye, na hapo ndipo aliponisimulia mengi, kwa kuwa watu wawili wanaotazama nguo husema mambo ambayo wasingeyasema wakitazamana. Nilimweleza kuhusu Alice Walker, mwandishi Mwafrika Mmarekani ambaye alipokuwa akiandika The Color Purple, iliyotoka mwaka 1982, alikuwa anashona blanketi la viraka kwa kiolezo ambacho mama yake aliapa kuwa ni rahisi, huku akiwasubiri wahusika wake waseme.

“Walisema?”

“Walisema.”

“Na huko wana kuku?”

Nikamwambia kuku wapo kila mahali.

Nilimweleza pia kuhusu Beloved ya Morrison, ya mwaka 1987, ambamo bibi kizee Baby Suggs analala chini ya blanketi la rangi zilizofifia, za buluu, nyeusi na kahawia, na ndani yake mna viraka viwili tu vya rangi ya machungwa, na bibi huyo mwisho wa uhai wake hakutaka kitu kingine isipokuwa kutazama rangi. Mama mkwe aliacha kushona. Akafikiri. Akasema kwamba katika blanketi letu lazima yawemo machungwa, na kwamba kanga ya machungwa ipo, aliivaa siku mwanawe alipofuzu ualimu, na iko chini ya kuku.

Wasiddi nao waliingia jikoni mwetu. Hao ni watu wa Karnataka nchini India, uzao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, na wanawake wao hushona blanketi za viraka vya nguo kuukuu ziitwazo kawandi. Huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na blanketi lisilo na vipande vya pembetatu kwenye pembe zake nne, phula, huhesabiwa kuwa liko uchi. Mama mkwe alishangaa kwamba mtu anaweza kuanza na ukingo. Lakini uchi hakuutaka. Akaamuru pembetatu nne ziongezwe, na Juni ilikuwa imekwisha nusu.

Wageni wanaonikuta na kalamu asubuhi na sindano jioni hupenda kuniambia kwamba kazi hizi mbili ni kazi moja. Sikubali. Kiraka kikishashonwa mahali pake kinabaki kilivyo, hata ukiweka jirani yake rangi gani. Riwaya haiko hivyo: ukimpa mjane magoti mabovu katika sura ya tisa, itabidi urudi sura ya pili umwone akiinuka kitini. Sindano inanipa masikio, na alfajiri inanipa nafasi ya kuyatumia. Nimeona waandishi waliopata nafasi pekee, chumba kimya na mlango wenye kufuli, na mazungumzo ya wahusika wao yanasikika yamesemwa na mtu mmoja.

Karibu na siku ya 21 mayai yakaanza kulia. Vifaranga wanane walitoka, mayai mawili yalikuwa viza. Mama mkwe aliwatandikia vifaranga gunia kwenye kona ya jiko, akawapondea mtama pamoja na mashudu ya alizeti, na kapu likarudi kwangu. Lilikuwa katika hali mbaya. Vipande vya juu vilikuwa vimeganda kinyesi, ute na maganda. Kaunta buku lilikuwa zima, isipokuwa jalada lililolowa na kuoza upande mmoja, na kurasa za mwisho zilizoshikana. Nikazitenganisha kwa kisu cha mezani, moja moja, kwa mvuke wa birika.

Niliziweka sura mbili za tisa mezani zikitazamana. Ya zamani ina ziwa Singidani wakati wa alfajiri, miamba ikitoka gizani na korongo wakisimama kwenye maji ya magadi, na hiyo sikuweza kuiandika tena kwa ubora uleule jikoni. Imebaki. Safari ya miguu imetoka. Baraza na makoti vimeingia. Kuna ukurasa mmoja wa hasira za mjane ambao upo katika zote mbili kwa maneno tofauti kabisa, na mpaka sasa sijaamua.

Binti ndiye aliyefua vipande, kwa bidii, vyote ndani ya beseni moja. Pindo la kanga moja nyekundu halikuwahi kulowekwa kwenye maji ya chumvi, na likatoa rangi. Kanzu ya babu yake ikawa ya waridi. Alikuja nayo mikononi akilia, akijua ilikuwa ya nani. Mama mkwe aliipokea, akaikung’uta, akainyoosha juani, akaitazama kwa muda mrefu.

“Alikuwa anapenda kuoga,” akasema. “Iweke katikati.”

Wiki ya mwisho kila mtu alishona. Mtoto wa pili alitunga nyuzi. Mume wangu alipewa pasi ya mkaa kunyoosha mishono, cheche ikaruka na kutoboa kitenge cha harusi ya dada yake mkubwa, na tukaweka kiraka juu ya kiraka. Machungwa yalitosha vipande viwili. Zile safu za mafuta ya taa zilikwenda upande wa miguuni. Lakini pembetatu nne zilikuwa zimekula muda wetu, na usiku wa kuamkia safari pindo lilikuwa bado, pande zote nne zimeshikwa kwa bandi tu, nyuzi nyeupe ndefu zinazoonekana kutoka mlangoni.

Stendi ya Misuna, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mama mkwe alimkabidhi mjukuu wake blanketi likiwa limekunjwa, na juu yake sindano, kibiringo cha uzi na subana yake mwenyewe.

“Una Dodoma, una Mtera, una Iringa, una Makambako,” akamwambia. “Barabara ni ndefu. Funga pindo.”

“Bibi, basi linatikisika.”

“Shona mahali lisipotikisika.”

Usiku alipiga simu kutoka Njombe. Amefika, tranka limefika, baridi ni kweli. Pande tatu zimekamilika. Upande wa nne ulikwamia Iringa kwa sababu abiria wa kiti cha pili, mama mtu mzima asiyemjua, aliomba ashone kidogo, na akashona mpaka akashuka, kwa mishono midogo kuliko yake, na binti alitaka kujua kama afumue ili ifanane. Mama mkwe alinyakua simu.

“Usifumue hata mmoja.”

Mama mkwe amerudi Ilongero sasa, kuuza alizeti. Tetea amebaki kwetu na watoto wake, na wavu wa dirisha umezibwa. Mimi nimerudi stoo, kwenye meza yangu, saa yangu ileile. Simu ndiyo imebadilisha mambo: saa kumi na nusu alfajiri inalia, kwa kuwa anajua niko macho.

“Mjane yuko wapi?”

“Yuko barazani, Mama. Amesimama, anasubiri kuitwa.”

“Kasimama? Mpe kiti.”

Nikamwandikia kiti, pembeni ya dirisha, karibu na mashemeji wenye makoti.

“Ameketi?”

“Ameketi.”

“Haya. Sasa aseme.”